Fedha ya Kuogeshea Watoto

Sikuzipenda rupia za mume wangu, naye alilijua hilo.

Alikuwa mnunuzi wa ufuta. Msimu ukifunguka alitoka hapa Kilwa Masoko na pikipiki yake, leo Pande, kesho milima ya Kipatimu kwenye zile barabara za mawe, na mwaka ambao ufuta ulikuwa haba huku kwetu, alishuka kusini mpaka Mtama, kwa watu wangu, ndiko alikoniona. Wenzake walirudi na magunia tu. Yeye alirudi na magunia, na ndani ya mfuko wa shati uliobanwa kwa pini kulikuwa na sarafu ya fedha, moja au mbili, katika zile rupia za enzi za bibi za bibi zetu. Nyingine zina kichwa cha mfalme wa Wajerumani aliyevaa kofia ya chuma yenye ndege juu. Nyingine, na hizi ndizo nyingi, zina kichwa cha mwanamke wa Kizungu, nywele zimefungwa nyuma, na watu husema zilikuja na Wahindi. Nyingi zimetobolewa tundu juu ya kichwa, maana wanawake wa zamani hawakuziweka rupia kwenye mkoba. Walizivaa shingoni na kiunoni.

Alizipata kwa vikongwe. Akishamaliza kupima ufuta wa nyumba, alikuwa akiuliza kwa upole, "Bibi, huna rupia ya zamani?" Wengine walicheka, wengine waliingia ndani wakakaa muda mrefu, wakatoka na kitu kwenye kiganja. Hakuwahi kuuza hata moja. Walikuja watu kutoka Dar es Salaam kutaka kuziona, wakazipekua na kuzitenga zile zenye tundu, wakasema hizo zimeharibika. Wageni walipoondoka alizirudisha zile za tundu juu ya nyingine.

"Isiyo na tundu haimjui mtu," aliniambia. "Imelala tu."

"Na zenye tundu zinanuka jasho la marehemu," nikamjibu.

Alicheka. Ndivyo alivyokuwa, ukimchoma anacheka. Nilikuwa namchoma mara nyingi kuhusu zile rupia. Nilimwambia mwanamume mzima anacheza na vipuli vya vikongwe. Aliponiita barazani, "Njoo uone hii, mke wangu, shika tu uone uzito wake," nilisema mikono yangu ina samaki. Siku nyingine mikono haikuwa na samaki.

Alisoma kidogo kama mimi, na kuandika hakupenda. Kwa hiyo kila rupia aliifunga kwenye kitambaa cha kule ilikotoka. "Nipe kipande cha nguo yako, bibi, nikufungie humo nisikusahau." Wakampa pindo la kanga, kipande cha shuka, wengine kipande cha gunia. Vifundo hivyo alivitia kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga, na kopo likakaa chini ya kitanda upande wake. Angeweza kuingiza mkono mle ndani bila kutazama, akapapasa kifundo kimoja, akasema, "Huyu ni yule bibi wa Pande mwenye jicho moja, aliyenipa maji ya dafu." Nilisikia. Sikusikiliza.

Kati ya vile vifundo kimoja kilikuwa cha kaniki nyeusi. Hiyo rupia hakuinunua. Ilikuwa ya mama yake, na kabla yake ya mama wa mama yake. Ilikuwa nyeusi. Nyeusi kabisa, kama kitako cha sufuria, hata yule mwanamke wa Kizungu ulikuwa humwoni mpaka uiinamishe kwenye jua. Ukoo wao hawakuwa na jina jingine la kuiita ila hilo: Nyeusi. Mtoto akizaliwa katika ukoo, ile siku ya kutolewa nje, hutiwa Nyeusi ndani ya beseni la maji, mtoto akaogeshwa maji hayo, kisha ikafungwa kwa uzi kiunoni mwake mpaka atambae. Halafu inarudi kwa mwenye kuitunza. Na ina sharti moja. Haisuguliwi. Mama mkwe wangu alikuwa anasema yenyewe huogesha, haiogeshwi, na kwamba ule weusi ni wa watoto wote iliowahi kuwashika, umebaki pale.

Mimi sikuzaa. Nalisema hili kwa sababu bila hilo yanayofuata hayataeleweka. Niliolewa nikiwa msichana, tukakaa na mume wangu miaka mingi, tukahangaika hospitali na kwa waganga, na hakuna aliyewahi kunikosea adabu kwa hilo, si yeye wala dada yake. Lakini kila mtoto wa ukoo alipozaliwa, mume wangu aliingiza mkono chini ya kitanda upande wake, akatoa kifundo cha kaniki, akavaa kanzu na kofia, akaenda. Mimi nilibaki nikijifanya nina kazi. Alirudi na kuirudisha chini ya kitanda nilichokuwa nalala mimi.

Presha ilimwangusha akiwa anapima ufuta. Walimleta nyumbani kwenye kitanda cha kamba.

Nikaingia eda. Niliketi kwenye chumba changu na nguo nyeupe, sina wanja, sina hina, wala vipuli masikioni. Wanawake walikuja asubuhi na jioni, wakakaa, wakaondoka. Nami ni mtu asiyejua kukaa bure. Nilishona mkeka mpaka ukindu ukaisha. Nilichambua mchele ambao haukuwa na mawe. Ndipo asubuhi moja, wageni wakiwa hawajaanza kuja, nikavuta kopo.

Nilijiambia nafanya kwa ajili yake. Hata sasa nadhani sehemu ya hilo ni kweli. Nilifungua kile kifundo cha kwanza, nikaona sarafu ina ukungu wa kijani, imekaa vibaya, nikafikiri, yule mtu alivipenda vitu hivi maisha yake yote na mimi sikumshikia hata moja. Watakuja ndugu zake kwenye hitima, kopo litafunguliwa mbele za watu, na watu wataona takataka, waseme mkewe hakuwa anamtunzia vitu. Basi nikaloweka ukwaju kwenye bakuli, nikachukua majivu jikoni, nikakaa chini kama mama yangu alivyokaa akisafisha vikuku vyake kule kwetu. Ukwaju kwanza, halafu majivu makavu, halafu usugue kwa kitambaa. Fedha haitaki haraka.

Vitambaa nilikuwa navyo. Vilikuwa mapajani mwangu. Kila kifundo nilichofungua, nilisugulia kitambaa chake.

Hakuna mtu aliyenizuia, na ile kazi ilinipa nafuu, sitaficha. Zilianza kutoka nyeupe moja baada ya nyingine, zikang'aa kama samaki mbichi, nikazipanga kwenye mwale wa jua uliopita dirishani. Kwa mara ya kwanza nikaona uzuri wake. Nikamwambia kwa sauti, "Njoo uone," kisha nikaona aibu.

Moja ilinikatalia. Niliitia ukwaju, nikaisugua, ikabaki vilevile. Nikairudisha kwenye ukwaju, nikaisugua tena kwa majivu mengi zaidi, nikabana meno. Kitambaa kilichokuwa mkononi mwangu kilikuwa cheusi, na rangi yake ilikuwa inachujia vidoleni mwangu. Niliona. Sikusimama. Nilisugua mpaka yule mwanamke wa Kizungu akatokea, kwanza pua, halafu shingo, na hapo nikapata furaha ambayo mpaka leo sijui niiite nini. Nikaitupa kwenye jua na wenzake, na nilipomaliza zote nikafua vile vitambaa nikavianika.

Je, nilijua? Nimejiuliza swali hili zaidi ya swali jingine lolote. Kama ungeniuliza pale pale, "Hiyo uliyoshika ni nini?" ningesema ni rupia. Jina lake halikupita kichwani mwangu. Lakini mkono ulijua kitu, maana zile nyingine sikuzibania meno.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuja eda ikiwa haijafika nusu. Binti yake mdogo alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshuka tayari, karibu kujifungua. Siku hiyo jirani yangu muuza maandazi alikuwa amekaa na mimi, na beseni lake tupu pembeni.

"Hodi humu."

"Karibu, wifi. Starehe."

Akakaa, akauliza hali, akasoma fatiha ya kaka yake kimya kimya kama alivyofanya kila akija. Kisha akasema, "Nimekuja kuchukua fedha ya mama."

Jirani yangu akaweka mkono kifuani. "Astaghfirullahi! Mwenzenu bado yuko edani, mnamdai fedha?"

"Fedha gani unayosema wewe?"

"Si umesema fedha?"

"Fedha, fedha! Fedha yenyewe, ya kuvaa!"

"Ah. Ya kung'aa."

"Tena hii haing'ai hata kidogo. Wewe unajua zile unazofunga pindoni tu, zilizoloa mafuta ya maandazi."

"Na wewe ukija kukopa hayo maandazi huoni mafuta."

Wakacheka wote wawili, na mimi midomo yangu ikacheka nao. Ndani nilikuwa nimeshakuwa baridi. Nilikuwa nimesikia neno *haing'ai*, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza kwa maneno, kile mkono ulichojua kikafika kichwani.

Niliinuka nikaleta kopo. Ningeweza kusema silioni. Ningeweza kusema amekuja mtu wa Dar. Sikufikiria hata moja ya hayo, si kwa wema wangu, ila sikuwa na akili ya haraka kiasi hicho. Nikaliweka mbele yake na kulifunua.

Mle ndani hamkuwa na vifundo. Fedha tupu, nyeupe, zimelaliana. Jirani akasema, "Mashaallah, zimependeza!" Wifi aliinama akachungulia kama mtu anayechungulia kisimani.

"Nyeusi iko wapi?"

"Nimezisafisha," nikasema.

"Najua umezisafisha, nina macho. Nyeusi iko wapi?"

"Imo humo."

"Hata ile?"

"Hata ile, wifi."

Jirani alikuwa na akili zaidi yangu. Alichukua beseni lake akaaga, akasema ameacha mafuta jikoni.

Wifi alimwaga kopo kwenye mkeka. Akazitoa za yule mfalme mwenye ndege kichwani, akaziweka kando. Akazitoa zisizo na tundu. Zikabaki za mwanamke, zenye tundu, na zilikuwa nyingi. Akaanza kuzichukua moja moja, akizipitishia kidole gumba usoni, amefumba macho. Nyeusi alikuwa ameivaa mwenyewe akiwa mtoto na amewavalisha watoto wake wote. Mimi nilikaa nikimtazama, naomba kidole kile kijue. Akifika kwenye moja anasita, anarudi kwenye nyingine, anasita tena.

"Mama alisema ukiiramba ina chumvi," akasema. Akaweka moja kwenye ncha ya ulimi. Akaweka nyingine. Akashusha mkono. "Zote ukwaju."

"Nisamehe, wifi."

"Na vitambaa? Kaka alikuwa na kaniki ya mama."

Nikamwonyesha kamba dirishani, vitambaa vilivyofuliwa vimekunjwa juu yake, kaniki katikati ya vingine, imepauka.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa akizitazama zile rupia, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini sana, bila kuninyooshea uso, "Wifi. Ulikuwa unajua?"

Nilielewa alichokuwa ananiuliza. Alikuwa haulizi kama nilijua ni ipi. Alikuwa anauliza kama mwanamke asiye na mtoto aliichukua fedha ya watoto akaisugua kwa moyo gani. Katika miaka yote ile hakuwahi kunigusa mahali hapo, na hata sasa aligusa kwa ncha ya kidole.

"Sikujua," nikasema.

Mume wangu alikuwa akiwaambia watu, mke wangu akikuambia mvua inanyesha usitoke nje kuhakikisha. Hilo lilikuwa jambo la fahari kwake. Na hilo *sikujua* lilitoka kinywani mwangu laini, halikukwama popote.

Wifi akatikisa kichwa, amekubali. Akachukua rupia moja kati ya zile, sidhani hata aliichagua, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. "Hii ndiyo," akasema. "Umenisikia? Hii ndiyo Nyeusi, na marehemu mwenyewe ndiye aliyeisafisha kabla hajafa. Yule mtoto ana tumbo la kwanza, kila usiku anaota vibaya. Nikimwambia fedha ya bibi imepotea atajifungulia woga."

Niliinamisha kichwa, na kwetu hiyo ni ndiyo.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike. Siku ya kumtoa nje mimi nilikuwa bado edani, kwa hiyo sikwenda, ila jirani alikwenda, akarudi kunihadithia. Beseni, maji, rupia ikatiwa, vigelegele. Nikamuuliza wifi alikuwaje. Akasema alikuwa anageuza uso.

"Anageuza wapi?"

"Pembeni. Wakati wa kutia fedha majini. Labda moshi wa ubani ulimwingia."

Eda yangu ilipoisha nilioga, nikabadilisha nguo, nikatembea mpaka kaburini na kurudi. Wiki hiyo hiyo akaja binti wa wifi na mtoto wake mgongoni. Huniita shangazi, ingawa kwa haki mimi ni mke wa mjomba wake tu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Lete huyo."

Akanipa mtoto. Alikuwa mtoto wa kulia, analia mpaka anakuwa mwekundu, anakunja magoti. Mchango wa tumbo, watoto wengi wanao. Nilimlaza kifudifudi mapajani nikampapasa mgongo, na pale kiunoni vidole vyangu vikakutana na rupia, iko kwenye uzi mweusi, bado inang'aa.

"Shangazi," akasema, "mama haitazami hiyo rupia. Nikimbadilisha mtoto nguo, anageuka. Nimemuuliza, anasema naota. Nimewauliza wenye umri wao, wanasema Nyeusi haikuwahi kusafishwa tangu dunia iumbwe, sasa iweje mjomba aisafishe? Mjomba huyo huyo aliyetuchapa sisi kwa kuichezea?" Akasogea karibu. "Kila mtu anajua wewe husemi uongo. Niambie tu. Ndiyo yenyewe?"

Mtoto alikuwa amenyamaza chini ya mkono wangu. Nilikuwa na neno moja la kusema, *ndiyo*, na yule binti angelala usingizi. Nilijua hivyo. Nilikuwa nimeshasema uongo mmoja kwa mama yake na ulikuwa ukinikaa kama mwiba wa samaki kooni, nikahisi siwezi kuongeza wa pili juu yake. Ndivyo nilivyojieleza.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Nilizisafisha mimi, si mjomba wako. Zilichanganyika. Mama yako naye hajui."

Alinitazama. Halafu akacheka kicheko kifupi, cha vijana wa siku hizi. "Kwa hiyo mmenipiga changa la macho. Wote wawili."

"Mama yako alikuwa anakuonea huruma."

"Na wewe?"

Niliendelea kumpapasa mtoto mgongo.

Akamchukua mtoto wake mapajani mwangu, akamfunga mgongoni, akakaza kanga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alipofika mlangoni akageuka. Machozi yalikuwa yameshaanza. "Shangazi, si ungeninyamazia tu? Sasa mimi nimfanye nini huyu? Mtoto haogeshwi mara mbili."

Akaondoka. Mtoto akaanza kulia kabla hawajafika barabarani, nikamsikia mpaka walipopinda kona.

Wifi hakuja Ijumaa ile, wala Ijumaa iliyofuata. Hakuniletea ufuta mpya kama kawaida. Nilikuwa nimefiwa na mume na sasa nasikia nyumba inazidi kuwa kubwa. Mwishowe nikajifunga ushungi, nikaenda mwenyewe. Njiani nilikuwa nimepanga nitakachosema. Nitamwambia yote, na lile lililobaki pia: ile iliyonikatalia, kaniki iliyochuja rangi vidoleni, meno niliyobana. Nitamwambia ulipouliza kama nilijua, nilikudanganya. Nilikuwa natembea haraka, na mzigo ulikuwa umeshaanza kuwa mwepesi kwa kule kukusudia tu kuusema.

Nilimkuta uani, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Hakuinuka. Binti yake alikuwa ndani, nilisikia anambembeleza mtoto.

"Hodi, wifi."

"Umeshaingia."

Nikakaa kwenye ukingo wa jiwe. Aliendelea kukuna. Nikasema, "Nimekuja kuomba radhi. Binti aliniuliza, nikashindwa kumdanganya."

"Nimesikia. Amenieleza neno kwa neno."

"Kusema uongo mimi siwezi, wifi, unanijua."

Hapo akasimamisha mikono. Akafuta vidole kwenye kanga, polepole, kimoja kimoja.

"Nakujua," akasema. "Wewe ni mtu wa kujisafisha. Jambo likikuchafua huwezi kulala nalo hata siku moja, lazima ulisugue litoke. Haya, limetoka. Wewe umelala. Na mimi? Binti yangu haniamini. Nikimwambia uji una sukari anauonja kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nimebeba ule uongo, sikukuomba unisaidie kubeba. Nilikuomba unyamaze."

"Nilifikiri ukweli—"

"Ukweli wa nani? Ungekuwa ukweli wa kusema ile rupia iko wapi, ningekushika miguu. Huo ulikuwa wa kukuogesha wewe."

Akarudi kwenye nazi yake. Nilikaa pale na lile jambo langu la pili kinywani, lile nililokuja nalo, lote limepangwa vizuri na mwanzo wake na mwisho wake. Nikamtazama mgongo wake ukienda na kurudi. Alikuwa amekonda. Alikuwa amefiwa na kaka, na hakuna aliyemkalisha chini na nguo nyeupe akaletewa watu asubuhi na jioni. Dada wa marehemu huambiwa pole siku tatu, kisha ni kazi kama kawaida. Hilo nalo sikuwa nimelifikiria. Na aliponiuliza kama nilijua, nikasema sikujua, alikuwa amelipokea. Alikuwa amelikubali jibu langu na kuliweka mahali, na pengine ndilo lililokuwa linamwezesha kuniambia "umeshaingia" badala ya kufunga mlango.

Sikusema.

Imekuwa hivyo mpaka leo. Ni jambo dogo, mtu anaweza kudhani, lakini kwangu mimi kila nikimwona ni kama nina kokwa kinywani na sina pa kulitema. Hata haya ninayoandika, wifi hajui kusoma, na nimejiuliza kama ninayaandika kwa sababu hiyo, nipate kujisugua mahali asipoona. Huenda. Sijapata njia nyingine.

Siku ile uani, alipomaliza nazi alinisukumia ungo wa mchele bila kunitazama. "Chambua," akasema. "Utakula hapa."

Nikachambua. Binti yake akatoka na mtoto analia, akasimama mlangoni akituangalia sisi wawili, hajui amkasirikie nani kwanza. Mikono yake ilikuwa imechoka, ilionekana. Wifi akasema, bila kuinua kichwa, "Mpe wifi yangu huyo, nenda ukalale kidogo."

Binti akasita. Kisha akaja akanipa. Nilimlaza mapajani kifudifudi kama mara ile, nikaanza kumpapasa mgongo. Rupia ilikuwa bado iko kiunoni, hawakuivua. Nilipitisha mkono juu yake pamoja na ngozi yake, bila kusimama pale, kwenda na kurudi, mpaka akalala.